Push (2009): Unampangia njama vipi adui anayeiona kesho?

Kwenye Push, bastola zinazoelea hewani zenyewe si tishio kubwa. Tishio ni binti mmoja wa Hong Kong mwenye pipi ya kijiti mdomoni. Ukishaamua tu kufanya jambo, yeye ameshaliona likitokea. Kumkimbia haisaidii, na kumzidi nguvu pia haisaidii kwa sababu atakuwa amefika kabla yako na watu wake. Njia pekee ya kumshinda ni wewe mwenyewe kutojua unachokwenda kufanya. Hapo ndipo filamu hii inapopata kitu ambacho picha nyingi za watu wenye vipawa vya akili hazina, yaani njama inayokufanya ufikiri. Kwa hilo inastahili dakika zake 111, pamoja na kasoro zake, ambazo ni nyingi na baadhi ni za uzembe mtupu.

Muongozaji ni Paul McGuigan, Mskoti aliyekwisha kufanya Lucky Number Slevin mwaka 2006 na ambaye baadaye aliongoza vipindi kadhaa vya Sherlock vya BBC. Hadithi imeandikwa na David Bourla. Stelingi ni Chris Evans, miaka miwili kabla hajavaa ngao ya Captain America, na pembeni yake yupo Dakota Fanning akiwa bado binti mdogo. Picha yote inafanyika Hong Kong, na ilipigwa hukohuko.

Kisa kinaanzia kwenye majaribio ya Wanazi wakati wa Vita Kuu ya Pili, ambayo serikali mbalimbali ziliyaendeleza kimyakimya baada ya vita. Kitengo cha siri cha Marekani kiitwacho Division huwasaka watu wenye vipawa, huwafungia na kuwachoma sindano ya dawa ya kuongeza nguvu zao, na wagonjwa hufa mmoja baada ya mwingine. Nick Gant (Evans) akiwa mtoto alishuhudia baba yake akiuawa na Henry Carver, wakala wa Division. Kabla hajafa, baba alimpa wosia wa ajabu: siku moja msichana atakupa ua, msaidie. Nick amekua, amejificha Hong Kong, anadaiwa na wacheza kamari, na kipawa chake hakimsaidii hata kugeuza dadu ikae namba anayoitaka. Ndipo anapogongewa mlango na Cassie (Fanning), mwenye daftari la michoro na habari za mkoba wenye dola milioni sita. Wakati huohuo Kira (Camilla Belle), mtu wa kwanza kuchomwa dawa ile akabaki hai, ametoroka na sindano moja. Division wanamtaka, na ukoo mmoja wa wahalifu wa Hong Kong, ule wa binti wa pipi, nao wanamtaka.

Sasa tuje kwenye vipawa vyenyewe, kwa sababu bila kuvielewa utapotea dakika ya ishirini. Vimepangwa kwa makundi, na kila kundi lina kazi moja na mpaka wake. Wahamishaji kama Nick husogeza vitu bila kuvigusa, na waliokomaa huweza kuikaza hewa ikawa ngao ya risasi au kuifanya ngumi iwe na uzito wa nyundo. Wasukumaji, ambao ndio waliozaa jina la filamu, hupandikiza wazo au kumbukumbu ndani ya kichwa cha mtu, naye akaamini ni yake tangu zamani. Utawatambua kwa mboni za macho zinazotanuka mpaka jicho linakuwa jeusi. Waonaji huona yajayo na wengi huyachora. Wanusaji hushika kitu na kusoma kimepita mikononi mwa nani na mwenyewe yuko wapi, hata akiwa mbali. Vivuli ni dawa ya wanusaji: mtu akikaa karibu na kivuli, hanusiki. Wabadilishaji hukifanya kitu kionekane kitu kingine kwa muda, lakini lazima umbo na ukubwa vikaribiane, na baada ya muda kinarudi kuwa kilivyokuwa. Wafutaji hufuta kumbukumbu. Washonaji huponya kwa mikono, na kuponywa kwao kunauma kuliko jeraha lenyewe. Isitoshe, mkono ulioponya unaweza pia kukirudisha kidonda. Mwisho kuna wapiga yowe, ambao sauti yao hupasua mishipa ya damu.

Maelezo hayo yote filamu inakurushia kwa sauti ya Cassie mwanzoni kabisa, juu ya picha zinazopita haraka. Hilo ndilo kosa lake la kwanza. Mtazamaji aliyechelewa kwa dakika tatu, au aliyekuwa anatafuta chaja, atatumia nusu saa akiuliza kwa nini yule mwanamke ananusa mswaki. Ingetosha kuanza na makundi manne na kuyaacha mengine yajieleze kwenye matukio. Kivuli, kwa mfano, kinaeleweka chenyewe pale Nick anapomtafuta Pinky, ambaye ni kivuli, akae karibu na Kira. Hakikuhitaji utangulizi.

Lakini kanuni zenyewe ni nzuri kwa sababu zinabanana. Mnusaji ana kivuli cha kumzuia. Msukumaji anaweza kukuamuru, ila lazima akufikie na kukukazia macho. Mhamishaji ana nguvu lakini yuko wazi kwa yowe. Na muonaji, anayeonekana hana mpinzani, ana udhaifu mmoja mkubwa: haoni tukio lililoandikwa mbinguni, anaona linalotokana na nia za watu wakati ule. Mtu akibadili nia, mchoro unabadilika. Ndiyo maana Cassie anaweza kuchora maiti yake mwenyewe asubuhi na bado akahangaika mchana kutwa. Kila uamuzi mdogo ni nafasi ya kuufuta mchoro ule, na pia ni taarifa mpya kwa yule binti wa pipi upande wa pili.

Hapo ndipo Nick anapopata mbinu yake. Anapanga mpango mzima, anauandika vipande vipande, anatia kila kipande kwenye bahasha, kila mwenzake na yake, na maelekezo ya lini aifungue. Kisha anakwenda kwa mfutaji, Wo Chiang, anafutwa kumbukumbu ya mpango wote. Kuanzia hapo hakuna kichwa hata kimoja chenye picha kamili. Binti wa pipi anatazama na kuona watu wanaokwenda huku na kule bila sababu, kwa kuwa wao wenyewe hawana sababu zaidi ya karatasi. Ni wazo safi kabisa, na linaibadili filamu katikati ya safari: ilikuwa picha la kukimbizana, sasa inakuwa picha la wizi wa kupangwa ambamo hata mkuu wa wezi hajui kinachoibwa.

Je, mbinu ina tundu? Inalo. Dakika zile Nick anapokaa na kalamu, nia ipo kichwani mwake nzima, na muonaji mkali alipaswa kuiona ikizaliwa. Filamu inalipita hilo haraka haraka ikitumaini hutauliza. Kisingizio kinachoweza kukubalika ni kwamba waonaji hawaoni kila kitu kila saa, huletewa vipande, na ukoo ule ulikuwa na mambo mengine ya kufuatilia. Sawa, lakini sentensi moja ya mazungumzo ingeliziba tundu hilo kabisa. Hata hivyo, kulinganisha na picha ambazo stelingi hushinda kwa sababu tu amekasirika zaidi, hapa angalau mtu ameshinda kwa kufikiri.

Tukio bora la kipawa halina mlipuko hata mmoja. Kira ameshikwa na mawakala wawili wa Division. Anamgeukia mmoja, mboni zinatanuka, na kwa sauti ya upole anamkumbusha kuhusu ndugu yake, na jinsi mwenzake huyu aliyesimama hapa alivyomuua. Uso wa wakala unabadilika polepole kutoka mshangao hadi huzuni, kutoka huzuni hadi chuki. Mwenzake anamlilia kwamba huna ndugu, hujawahi kuwa na ndugu. Haisaidii kitu, kwa sababu mtu anayeombwa asiamini kumbukumbu yake mwenyewe hana cha kushika. Corey Stoll ndiye anayeigiza wakala huyo, na angalia macho yake: machozi ni ya kweli kwa msiba usiokuwepo. Filamu ingekuwa na matukio matano ya aina hii, leo tungeitaja kwa heshima zaidi.

Pambano la soko la samaki nalo linafanya kazi, kwa sababu ya mahali. Wapiga yowe wawili, ndugu wa ukoo ule, wanawafukuza Nick na Cassie kati ya matangi ya samaki. Wanafungua midomo na vioo vinapasuka safu kwa safu, maji na samaki vinamwagika sakafuni. Unaona nguvu kwa kile inachoharibu, huna haja ya mwanga wa kompyuta kukuonyesha. Hilo ni somo ambalo pambano la mgahawani limelisahau nusu. Pale Nick anakabiliana na Victor, mhamishaji wa Division, na ngumi zinazochongwa na hewa zinazotetemeka zinaonekana vizuri mara mbili tatu za kwanza, halafu inakuwa watu wawili wanaorushana kwenye kuta. Mtazamaji haelewi tena nani ana faida na kwa nini. Pambano la vipawa lina masharti yake: lazima tujue kila mmoja anaweza nini, mwisho wa nguvu yake uko wapi, na atalipa nini akiuvuka. Sharti la tatu hapa halipo. Nick habanwi na uchovu wala hatoki damu puani kwa sababu ya kipawa, hivyo hatuwezi kuhesabu akiba yake.

Na hapo lipo kosa kubwa kuliko yote. Mtu aliyeshindwa kugeuza dadu mwanzoni anaongoza bastola hewani kabla filamu haijaisha, na katikati hakuna zoezi, hakuna mwalimu, hakuna hata usiku mmoja wa kujaribu na kushindwa. Tunaambiwa tu kwamba alikuwa hajajituma. Ni uvivu wa mwandishi. Tukio la dakika mbili tu la Nick akihangaika na kijiko lingetosha kulipa deni hilo.

Kamera ni ya Peter Sova, aliyepiga filamu kadhaa za McGuigan, na ndiye mwenye sifa za kwanza hapa. Hong Kong yake si ile ya kadi za posta yenye bandari na maghorofa usiku. Ni vichochoro, vibanda vya tambi, ngazi za majengo ya zamani, mabango ya neoni yanayomwaga rangi nyekundu na kijani usoni mwa watu, nguo zilizoanikwa madirishani. Baadhi ya picha za mitaani zilichukuliwa kwa kamera zilizofichwa ili wapita njia wasigeuke kutazama, na inaonekana: umati ni umati, sio watu waliolipwa kutembea. Pambano la mwisho liko kwenye jengo linalojengwa lenye jukwaa la mianzi, kama mafundi wa Hong Kong wanavyofunga mpaka maghorofa marefu. Mianzi inapasuka vizuri mno kwenye skrini, na ni silaha ambayo usingeipata ukiipiga picha hii New York.

Muziki ni wa Neil Davidge, mtu wa karibu wa kundi la Massive Attack. Unatambaa chini chini kwa besi nzito na hauingilii mazungumzo. Sina zaidi ya hapo.

Waigizaji wamegawanyika. Fanning anaibeba filamu. Cassie wake ni mtoto aliyelazimika kuwa mkubwa: anajibu kwa kejeli, anachora vibaya na anachukia kuambiwa hivyo, na kuna wakati anakunywa pombe akiamini itamwongezea maono, kisha analewa tu kama mtoto yeyote angelewa. Inachekesha na inaumiza kwa pamoja. Evans anafaa kwa jukumu la mtu mvivu mwenye moyo, ingawa anapotakiwa kuwa na hasira hazifiki mbali. Djimon Hounsou, mzaliwa wa Cotonou nchini Benin aliyekwisha kuteuliwa Oscar mara mbili kabla ya filamu hii, anamcheza Carver kwa sauti ya chini na mwendo wa mtu asiye na haraka. Hahitaji kupaza sauti kwa kuwa akitaka ujiue atakuambia tu ujiue. Ni adui mwenye heshima ya kutisha, na mtazamaji wa Afrika atafurahi kuona Mwafrika amepewa cheo cha bosi anayefikiri badala ya kazi ya kubeba bunduki. Cliff Curtis kama Hook, mbadilishaji, na Ming-Na Wen kama Emily, mnusaji, wanapewa dakika chache na wanazitumia vizuri.

Aliyeshindwa ni Belle. Kira ndiye anayetafutwa na kila mtu, ndiye mpenzi wa zamani, ndiye silaha, na bado uso wake ni uleule mwanzo hadi mwisho. Hadithi inategemea tujiulize kama mapenzi yake na Nick ni kweli au yamepandikizwa. Ili swali hilo lichome, tulihitaji kuyaona mapenzi yakiwaka kwanza. Hayakuwaka, kwa hiyo jibu linapokuja huliwazii sana.

Kuna pia tatizo la katikati. Kuanzia kama dakika ya arobaini filamu inakuwa ratiba ya miadi: nenda kwa mnusaji, nenda kwa mbadilishaji, nenda kwa kivuli, nenda kwa mfutaji. Kila mmoja anaeleza kazi yake, anataja bei, anakubali. Mwendo unapungua mpaka bahasha zinapoingia. Kama utachoka, utachokea hapa. Vumilia.

Aya hii inayofuata ni kwa walioiona tayari, au wasiojali kuharibiwa mwisho. Mbadilishaji anatengeneza mkoba wa pili unaofanana na wa kwanza, na ule mkoba wa kweli unakaa mahali ambapo ni Cassie pekee anayekuja kuufuata baada ya vumbi kutulia. Sindano ambayo Nick anajichoma mbele ya Carver, akaanguka kama mfu, ilikuwa na mchuzi wa soya. Binti wa pipi anashindwa na mtu asiyemhofia: Wo Chiang, mfutaji, anamtokea kwa nyuma na kumsafisha kichwa. Na Kira, aliyeaminishwa na Carver kwamba yeye ni wakala wake siku zote na kwamba Nick alikuwa kazi tu, anafungua bahasha ndani ya ndege na kukuta picha yao wawili wakiwa Coney Island, New York, pamoja na ujumbe mfupi wa kumuua Carver. Anamkazia macho, Carver anaweka bastola yake mdomoni, skrini inakuwa nyeusi, mlio. Ni mwisho wa ubaridi mzuri kabisa. Ukirudia kuitazama ukiyajua haya, utaona jinsi kila bahasha inavyotua mahali pake, na utaona pia kwamba mpango mkubwa kuliko wa Nick ni wa mama yake Cassie, muonaji aliyefungwa na Division, ambaye hatumwoni akifanya lolote. Ua lile la mwanzo ni lake.

Mama huyo ndiye anayebaki gerezani filamu ikiisha, na mtu yeyote anaona kwamba walikuwa wanaandaa sehemu ya pili. Haikuja. Hesabu yake si ngumu: filamu iligharimu takriban dola milioni 38 na ikaingiza karibu milioni 49 kwenye kumbi za dunia nzima. Kumbi huchukua karibu nusu ya tiketi, na gharama za matangazo hazimo kwenye ile 38. Wahakiki wengi nao waliiponda. Kwa hiyo usiianze ukitarajia majibu ya Division yatapatikana mahali.

Kwa wazazi: Marekani waliipa daraja la PG-13. Risasi ni nyingi lakini damu si ya kumwagika, isipokuwa wapiga yowe wanapomtoa mtu damu masikioni na puani. Kuna matusi machache, sigara, na lile tukio la Cassie kulewa. Hakuna uchi wa kukufanya utafute rimoti. Mtoto wa miaka kumi ataogopa yowe. Wa kumi na tatu ataomba airudie.

Tafuta nakala ya ubora mzuri, ya Blu-ray ikiwezekana. Picha ya Sova ina chengachenga za makusudi na rangi kali zinazogongana. Nakala iliyobanwa mno inazigeuza chenga hizo kuwa viboksi, na vichochoro vya usiku vinakuwa tope. Kwenye televisheni ondoa ile hali ya rangi kali ya dukani, weka ya sinema, na zima kilainisha mwendo, la sivyo mapambano yataonekana kama tamthilia ya mchana. Spika ndogo za simu hupasuka kwenye yowe la soko la samaki, hivyo tumia vipokea sauti au punguza kabla hawajafungua midomo. Hakikisha maandishi ya tafsiri yamewashwa, kwa sababu ukoo wa Hong Kong huzungumza Kichina kati yao. Na nakala zilizotafsiriwa na ma-DJ wa vibanda umiza, kwa mapenzi yote tuliyonayo nazo, hazifai kwa picha hii: mtafsiri akijaza maneno juu ya Cassie kwenye zile dakika tatu za mwanzo na kwenye tukio la bahasha, kanuni zote zimezama, na utakachobaki nacho ni watu wanaorushana ukutani.